SOMO: Kuunda modeli ya Volkswagen Beetle ya 1966 kwa kipimo cha 1:24 (soma lote ndipo uulize)

Wakuu, kila nikiweka picha ya kigari changu naulizwa mambo yaleyale matatu: mbona rangi yangu imekunjamana, mbona vioo vyangu vimepata ukungu, na gundi gani nitumie. Nimejibu mpaka vidole vimeota sugu. Leo naandika mara moja tu. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Nimechukua Beetle 1300 ya 1966 kwa sababu nimeshaiunda mara nne, na kwa sababu bodi yake yote ni mviringo. Haina kona ya kuficha kosa. Ukiweza hii, Land Rover yenye bodi bapa utaiunda huku unapiga mluzi.

Kabla ya kufungua chochote chukua rula. Gari halisi, kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, ni milimita 2,400. Gawanya kwa 24 unapata 100 kamili. Chasi yako ikitoa 96, basi boksi limekudanganya kipimo, na vipuri utakavyoazima kwenye seti nyingine ya 1:24 havitakaa.

Hatua ya 1. Osha vipande vikiwa bado kwenye fremu zake, maji vuguvugu na sabuni ya vyombo. Acha vikauke vyenyewe.

Hatua ya 2. Kata kwa plaizi ndogo, usivunje kwa mkono. Kata mara mbili: kwanza mbali na kipande, kisha karibu. Kilichobaki malizia kwa wembe na msasa.

Hatua ya 3. Unganisha gari zima bila gundi, ukishikiza kwa tepu ya karatasi. Bodi ikigoma kukaa kwenye chasi sasa, ikishapakwa rangi itagoma zaidi.

Hatua ya 4. Tafuta mistari ya kalibu, yaani vile vituta vyembamba vinavyobaki pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Kwenye Beetle hupita juu ya madigadi na pembeni mwa paa. Iondoe kwa msasa namba 400 kisha 600. Hapohapo pitisha mgongo wa wembe kwenye mistari ya milango, boneti na mfuniko wa injini, taratibu, mara tatu nne, iingie ndani kidogo. Rangi itakuja kuijaza, na mlango usio na mstari unaonekana kama umechorwa kwa penseli.

Hatua ya 5. Praima ya kijivu, nyembamba. Kazi yake ni kushika rangi na kukuonyesha mikwaruzo uliyodhani umeimaliza. Rudia msasa inapobidi.

Hatua ya 6. RANGI. Hapa tutakaa.

Modeli yangu ya pili niliipaka enameli, bluu iliyoiva vizuri. Siku mbili baadaye niliigusa kwa kidole, ilikuwa kavu. Nikachukua kopo la laka isiyo na rangi nikapuliza juu yake ili ing'ae. Kwa dakika moja ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza. Dakika ya pili paa likaanza kutambaa. Nilikuwa nimeshika kopo mkononi, natazama rangi ikijikusanya kama ngozi ya vidole vilivyokaa majini, kuanzia juu ya kioo cha nyuma ikishuka hadi kwenye mfuniko wa injini. Sikuwa na la kufanya. Tina iliyomo kwenye laka ni kali, inapenya enameli iliyokauka juu tu na kuifanya ivimbe.

Kwa hiyo shika hili. Laka chini, enameli juu: inakubali. Enameli chini, laka juu: HAPANA, hata kama imekaa wiki. Kama hujui kopo lako ni la aina gani, soma maandishi ya nyuma, na kama bado hujui, jaribu kwenye kijiko cha plastiki. Mimi sasa kila rangi, praima na vanishi huanzia kwenye kijiko, kwa mpangilio uleule nitakaoutumia kwenye bodi. Mgongo wa kijiko umepinda kama boneti ya Beetle, kwa hiyo hukuonyesha pia rangi itakavyochuruzika.

Maonyo mengine ya hatua hii:

Kopo liweke kwenye maji vuguvugu dakika chache ili rangi itoke laini. Vuguvugu, si ya kuchemka, na lisisogee karibu na moto kabisa.

Anza kupuliza nje ya bodi, pita, malizia nje ya bodi. Umbali kama sentimita 20. Tabaka la kwanza liwe kama umande tu, praima ionekane bado. Tabaka la pili na la tatu ndiyo yanayofunika.

Siku ya mvua au yenye unyevu mwingi, acha. Laka inayokauka kwenye unyevu hushika weupe kama maziwa.

Usirundike rangi. Rangi yenye unene wa milimita 0.1 kwenye modeli ni sawa na milimita 2.4 kwenye gari halisi. Fikiria gari lililopakwa rangi nene kama kifuniko cha chupa.

Fungua madirisha na vaa barakoa ya mvuke. Ile ya vumbi haizuii mvuke.

Utajuaje imekauka? Inuse. Weka pua karibu na bodi. Kama bado unasikia harufu ya rangi, haijakauka, hata kidole kikikwambia vingine. Funika kwa boksi dhidi ya vumbi na uende zako.

Hatua ya 7. Ikishakauka kweli, msasa wa maji namba 2000 wenye tone la sabuni uondoe vipele vya ganda la chungwa, kisha dawa ya kung'arishia na kitambaa laini. Epuka kingo: ukingo wa boneti, mistari ya milango, juu ya madigadi. Hapo rangi huwa nyembamba, na msasa ukipita mara mbili unaona kijivu.

Hatua ya 8. Kromu. Bampa na vikombe vya rimu vya kwenye seti vinafaa. Fremu za vioo na ule ufito wa ubavuni tumia karatasi nyembamba ya metali yenye gundi: bandika, sugua kwa kijiti cha meno ifuate umbo, kata kwa wembe mpya. Nasema mpya. Wembe uliochoka unachana karatasi badala ya kuikata.

Hatua ya 9. Ndani na injini. Paka, unganisha kwa gundi ya plastiki, ile nyepesi kama maji. Futa rangi pale gundi inapoingia, kwa sababu gundi hii inayeyusha plastiki na kuishikanisha. Ikiangukia juu ya rangi inashika rangi tu.

Hatua ya 10. Vioo. Gundi nyeupe ya mbao. Supaglu USITUMIE. Mvuke wake hutua juu ya plastiki angavu na kuacha ukungu mweupe ambao kitambaa hakiutoi. Gundi nyeupe ikikauka haionekani, na ikimwagika inafutika kwa maji.

Hatua ya 11. Magurudumu na chasi mwisho. Hakikisha yote manne yanagusa meza.

MASWALI

Tairi_Bovu: Mkuu somo zuri. Gundi gani nitumie kwenye vioo?

Jibu: Hatua ya 10.

Tairi_Bovu: Nimesoma juujuu mkuu, nina haraka. Si unitajie tu?

Jibu: Kutaja nimetaja. Mistari minne.

Koleo: Mimi natumia supaglu kwenye vioo miaka yote na sijawahi kuona huo ukungu. Msitishe watu.

Jibu: Sijatisha mtu. Ukiweka tone dogo sana na kuacha hewa ipite unaweza kupona. Lakini ukibandika kioo kisha ukafunga bodi juu ya chasi, mvuke unabaki humo ndani na unatua kwenye kioo cha kwanza utakachokitazama. Vyangu viwili viliharibika hivyo. Naandikia mtu anayeshika modeli yake ya kwanza, wewe umeshavuka huko.

Koleo: Haya, hapo sawa. Mimi hufunga bodi kesho yake, labda ndiyo maana.

Jibu: Ndiyo maana.

Mama_Vipuri: Shikamoo mkuu. Nataka kuweka nyaya za plagi kwenye injini maana kwenye seti hazimo. Unene gani, na zinakwenda wapi? Nimetazama picha nyingi lakini nyaya zimepishana sijui ipi ni ipi.

Jibu: Marahaba dada, swali kama hili ndilo nalingoja. Waya halisi wa plagi una unene kama milimita 7. Gawanya kwa 24 unapata karibu 0.3. Waya mwembamba wa shaba wenye ganda jeusi utafaa, na ukiwa mwembamba kidogo ni afadhali kuliko mnene. Kwenye kifuniko cha distribyuta toboa matundu matano kwa keekee ya mkono yenye msumari wa 0.3, manne pembeni na moja katikati. La katikati linakwenda kwenye koili. Manne yanafuata mpangilio wa kuwaka wa injini hii, 1-4-3-2, ukizunguka kifuniko kama mshale wa saa. Silinda 1 na 2 ziko upande wa kulia wa gari, 1 ikiwa mbele. 3 na 4 upande wa kushoto, 3 ikiwa mbele. Kulia na kushoto ni kwa mtu aliyekaa ndani anatazama mbele. Wewe ukisimama nyuma ya gari unatazama injini, kulia na kushoto ni zilezile, ila silinda za mbele ndizo zilizo mbali nawe, na hapo ndipo wengi hukosea. Gundisha kwanza upande wa distribyuta, acha ukauke, kisha pinda kila waya kwa kibano mpaka ufike kwenye plagi yake.

Mama_Vipuri: Asante sana. Na radieta niipake rangi gani?

Jibu: Beetle haina radieta, dada. Injini yake inapozwa kwa hewa. Lile boma la bati jeusi juu ya injini ndilo linalofunika feni.

Mama_Vipuri: 😂 Nimekoma.

Jibu: Hujakosea peke yako. Nimewahi kuona mtu ameiwekea mpira wa maji.

Bluu_Bahari: Yangu imeshakunjamana kama ulivyoeleza. Nitupe bodi?

Jibu: Usitupe. Mimi yangu niliiloweka kwenye mafuta ya breki ndani ya chombo chenye kifuniko, siku tatu, nikaisugua kwa mswaki wa zamani. Vaa glavu na miwani, hayo mafuta si rafiki wa ngozi wala macho. Plastiki ilitoka salama. Anza na kipande cha fremu usichokihitaji, uone kama plastiki yako inavumilia. Baadaye osha kwa sabuni zaidi ya mara moja, mafuta yakibaki rangi mpya itakukimbia na kuacha macho ya samaki, yaani vijishimo vya duara visivyoshika rangi.

Bluu_Bahari: Na nikipuliza tu rangi nyingine juu ya makunyanzi?

Jibu: Utakuwa na makunyanzi ya rangi nyingine.

Dirisha_Yai: Naweza kuigeuza iwe ile yenye kioo cha nyuma cha mviringo kama yai?

Jibu: Kazi ipo, lakini jua unachokigeuza. Kioo cha nyuma kilichogawanyika vipande viwili kiliishia 1953, kikaja cha yai hadi 1957, ndipo kikaja kikubwa cha mstatili. Kwa hiyo ukiziba dirisha na kuchonga yai peke yake, bado dashibodi, rimu na ile nembo ya 1300 vitakusaliti. Ningekuwa wewe ningetafuta seti ya mwaka huo. Ukiamua kuchonga, ziba kwa plastiki bapa ukiigundisha kutoka ndani, usijaze puti shimo lote, maana puti nene hunywea ikikauka na utaona bonde kwenye rangi miezi baadaye.

Kijiti: Kuhusu nembo: bandika karatasi ya metali juu ya nembo ya 1300 KABLA ya rangi, isugue mpaka herufi zitokeze. Paka gari lote. Kisha chukua kijiti cha pamba chenye tina kidogo mno ufute rangi juu ya herufi tu. Chuma kinatokea chini yake.

Jibu: Hii ni dhahabu, wakuu. Tina iwe kidogo kweli, pamba iwe karibu kavu. Na kama rangi ni laka, nenda kwa msasa wa 2000 badala ya tina.

Kijiti: Na ekzosi msiipake fedha tupu. Paka kijivu, kisha sugua unga wa penseli kwa kidole. Inakuwa chuma.

Mama_Vipuri: Antena je? Ya kwenye seti ni nene kama fimbo.

Kijiti: Chukua kipande cha fremu kilichobaki, kizungushe juu ya mshumaa bila kukigusisha moto mpaka kilainike, kitoe pembeni ndipo ukivute taratibu. Kinatoka uzi. Ukivuta haraka ni mwembamba, ukivuta polepole ni mnene. Kata urefu unaotaka.

Tairi_Bovu: Wakuu nimeweka vioo kwa supaglu, vimekuwa vyeupe. Nifanyeje?

Jibu: Vitoe. Sugua kwa msasa wa maji 2000, kisha dawa ya meno nyeupe, si ile ya jeli, kwenye kitambaa cha pamba, dakika kumi kila kioo. Ukungu ukiwa juujuu vitarudi karibu kama vilivyokuwa. Kisha visafishe, ubandike kwa gundi ya hatua ya 10.

Tairi_Bovu: Ambayo ni ipi?