Kuosha injini nyumbani Mombasa: chunga maji kabla ya uchafu

Gari nyingi ninazoletewa zikimisi, yaani injini ikikohoa na kutetemeka, baada ya kuoshwa injini, uchafu haukuwa na hatia. Ni maji. Juzi jirani alitaka kuosha Probox yake mwenyewe uani, nikamsimamia, na utaratibu wenyewe ni huu.

1. Egesha kivulini, alasiri jua likishapungua. Injini iwe vuguvugu, uweze kuiwekea kiganja bila kuruka. Ikiwa ya moto, dawa ya kuoshea hukauka kabla ya kulainisha grisi, na maji ya baridi yakiigonga ekzosi yaweza kuipasua. Na ufunguapo boneti, angalia paka. Mji huu paka hulala humo.

2. Toa waya wa hasi wa betri. Spana namba 10.

3. Funika altaneta (inayochaji betri), boksi la fyuzi, mdomo wa kuvutia hewa na koili (zinazopelekea plagi umeme wa cheche). Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Agosti 2017, mimi hutunza mifuko ya mkate kwa kazi hii, naikaza kwa mpira. Mwenye haibridi, gari la injini na mota ya umeme: zile waya nene za rangi ya chungwa zina umeme wa kuua. Upande huo usitie maji kabisa, pangusa kwa kitambaa tu.

4. Ondoa vumbi na majani makavu kwa brashi ya rangi.

5. Nyunyiza digrisa, dawa ya kutoa grisi, ile ya kuchanganywa na maji, ngoja dakika 5, sugua kwa mswaki mkuukuu. Petroli na mafuta ya taa sitaki kuyasikia, hata kama kwa waosha magari ndiyo dawa ya kila siku. Mvuke wake hudaka moto, na mipira hufura.

6. Sasa maji. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na watu huchota tu na kumwaga. Maji ya chumvi hupitisha umeme kuliko maji matamu, lakini hasara kubwa haionekani siku hiyo. Gari litawaka vizuri, utafurahi. Chumvi imebaki ndani ya soketi, pale waya zinapochomekwa, ikinyonya unyevu wa hewa ya pwani kila usiku, na shaba inaota kutu ya kijani. Baadaye taa ya injini inawaka, unauziwa sensa mpya, taa inarudi. Ugonjwa ulikuwa soketi.

Kwa hivyo onja kwanza. Au jaribu sabuni: ikikataa kutoa povu, maji hayo peleka chooni. Ya mfereji ni sawa. Ya mkokoteni muulize muuzaji alikojaza, maana mtungi hausemi. Yangu mimi ni ya mvua, niliyoyakinga masika. Mitungi miwili ya lita 20 inatosha na kubaki.

Suuza kwa bomba la mkono la kunyunyizia mimea. Mashine ya presha husukuma maji hadi ndani ya soketi zilizotengenezwa kuhimili mvua, si mshale. Anayekwambia "nitaishika mbali" hatakuwepo gari likigoma. Pia usifanyie kazi juu ya mtaro. Mafuta hayo yataishia baharini.

7. Toa vifuniko vyote, kausha kwa kitambaa, kisha upepo wa kompresa ukiupata kwa fundi wa panchari. Acha boneti wazi saa moja au zaidi. Hewa yetu ni nzito, haikaushi upesi. Rudisha waya wa betri, washa, iache ingurume dakika 15. Usipulizie zile dawa za kung'arisha, hukusanya vumbi upya.

Ikimisi, usiendeshe. Zima, toa koili moja moja, chungulia shimo la plagi. Ukiona maji, yanyonye kwa kitambaa kilichozungushwa kwenye bisibisi, pangusa mpira wa koili, kisha irudishe kwenye shimo lake lile lile.