Namna ya Kumtembelea Mkusanyaji Binafsi wa Magari na Pikipiki za Kale

Mkusanyiko wa magari na pikipiki za kale ulio mikononi mwa mtu binafsi hauna saa za kufungua wala dirisha la tiketi. Uko nyumbani kwa mtu, nyuma ya geti lake, mara nyingi katika banda alilolijenga kidogo kidogo kila alipopata nafasi, na anayeingia humo huingia kama mgeni wa nyumba. Nionavyo mimi, utajiri wa ziara ya namna hii umo katika historia ya kila chombo: nani alikinunua kikiwa kipya, kilipita barabara zipi, kililala wapi kiliposahaulika, na fundi gani alikirudishia uhai. Habari hizo hazijabandikwa ukutani. Zinatoka kinywani mwa mwenye mali, naye huzitoa kwa mtu aliyejiandaa na mwenye adabu. Ninayoyaeleza hapa yanahusu Kenya na Tanzania, ambako wakusanyaji wa aina hii wapo ingawa wengi wao hawajitangazi.

Inafaa kuelewa kwanza kwa nini watu hawa huwa waangalifu. Kenya hairuhusu kwa kawaida kuingiza gari lililopita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo Land Rover ya miaka ya 1950 au Peugeot 404 unayoiona leo Nairobi au Nakuru, kwa sehemu kubwa, ni gari lililofika hapa likiwa jipya na likabaki. Likiharibika halipatikani mbadala kwa urahisi, na kioo cha taa ya nyuma kikipasuka mwenyewe anaweza kukaa miezi akikitafuta. Ongeza hapo hofu ya wezi wa vipuri, na utaelewa kwa nini mtu hapendi kupigiwa simu na asiyemjua anayetaka kuja “kuangalia tu”.

Mwaliko hupatikana kupitia watu. Mahali pazuri pa kuanzia kwa walio karibu na Nairobi ni maonyesho ya Concours d’Elegance, yaliyoanza mwaka 1970 na ambayo kwa miaka mingi yamefanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road. Hapo magari na pikipiki hukaguliwa na waamuzi kuanzia rangi hadi chini ya chesisi (fremu inayobeba chombo chote), na wenye vyombo husimama kando yake kutwa nzima wakiwa tayari kuzungumza. Njia ya pili, ambayo kwangu ndiyo bora, ni mafundi. Muulize fundi mzee wa mtaani anayejua kurekebisha kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) ni nani bado humletea kazi ya namna hiyo, kisha umwombe akupelekee salamu badala ya kukupa namba ya simu moja kwa moja. Mwenye mali akiridhia, ndipo uandike ujumbe mfupi ulio wazi, kwa mfano: “Shikamoo Mzee. Fundi wako amenieleza kwamba unatunza pikipiki za zamani. Mimi napenda sana kujifunza historia yake. Ukiniruhusu, ningefurahi kuja kukuona siku yoyote inayokufaa. Tutakuwa watu wawili, mimi na ndugu yangu.” Idadi ya wageni ina uzito wake: ukisema wawili, mje wawili, na watoto wadogo wabaki nyumbani isipokuwa wamealikwa.

Kabla ya siku kufika, soma. Mkusanyaji atakupima kwa maswali mawili matatu ya mwanzo bila kukusudia, na akiona unajua tofauti ya vitu, mazungumzo yatapanda daraja. Jua kwamba Land Rover ya kwanza ilitoka mwaka 1948, kwamba Series II ilifuata mwaka 1958 na Series III mwaka 1971, na kwamba bodi yake ni ya aluminiamu ilhali chesisi ni ya chuma, ndiyo maana gari linaweza kuonekana zima kwa juu huku chini limeliwa na kutu, hasa lililokaa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam penye hewa ya chumvi. Jua kwamba injini ya Volkswagen Beetle iko nyuma na hupozwa kwa hewa, haina rejeta, na kwamba Beetle nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 1960 zilitumia umeme wa volti 6.

Zaidi ya yote, soma historia ya mbio za magari za Safari Rally, kwa sababu katika eneo letu magari mengi ya kale hupimwa kwa kioo cha mashindano hayo. Yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963, magari saba tu ndiyo yaliyomaliza kati ya 84 yaliyoanza, na ushindi ukaenda kwa Peugeot 404. Gari la aina hiyohiyo lilishinda tena mwaka 1966 na 1967 likiendeshwa na Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, na tena mwaka 1968. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544, kisha mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Anayeyajua haya akisimama mbele ya 404 nyeupe yenye gia kwenye usukani anaelewa kwa nini mwenyewe anaipangusa kwa upole namna ile.

Siku ya ziara, vaa nguo zisizo na vifungo vya chuma vinavyokwaruza. Mkanda wenye bizimu kubwa, saa ya mkononi, pete na rundo la funguo lililoning’inia kiunoni ni maadui wa rangi, na kwaruzo moja kwenye mlango wa gari lililopakwa upya ni hasara ya fedha na ya muda. Ukikaribishwa chai, kunywa chai. Usikae ukichungulia dirishani kuelekea bandani, maana mwenyeji anataka kukufahamu kwanza, na mengi utakayoyasikia sebuleni kuhusu baba yake aliyekuwa dereva au mjomba aliyefanya kazi katika kampuni ya magari yatakusaidia kuelewa utakachokiona baadaye. Zawadi si lazima. Lakini ukikuta kwa wauza vitabu vya mitumba kitabu cha maelekezo ya gari la aina yake, au una picha ya zamani ya familia ambamo gari kama hilo linaonekana, utakuwa umeleta kitu kitakachothaminiwa kuliko keki.

Ndani ya banda, mikono ikae nyuma mpaka uambiwe vinginevyo. Usiegemee gari, usifungue mlango wala boneti, na usikalie pikipiki hata kama imesimama imara, kwani stendi ya miaka mingi inaweza kukubali uzito wa pikipiki na kukataa wa kwako. Usivute sigara, kwa kuwa mabomba ya mafuta ya zamani huvuja. Usipulize vumbi kwenye ngoma za breki: breki nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Injini ikiwashwa, hakikisha milango ya banda iko wazi, na ukianza kuhisi kichwa kizito toka nje bila kuona haya.

Maswali yako yaanze na chombo, yafike kwa mtu. Uliza rangi hii ni ya kiwandani au imepakwa upya, na ikiwa imepakwa, alijuaje rangi ya awali. Mara nyingi jibu liko chini ya zulia au nyuma ya dashibodi, mahali ambapo mpaka rangi hakufika. Uliza alifanyaje petroli yenye risasi (madini ya ledi) ilipoondolewa sokoni mwanzoni mwa mwaka 2006. Risasi ile ilikuwa ikilinda siti za vali (mahali vali zinapokaa zikijifunga), na injini za zamani zilizoundwa kwa kuitegemea zilihitaji ama kubadilishiwa siti ngumu zaidi au kuongezewa dawa kwenye mafuta. Swali hili limewafungua wenye magari wengi, kwa sababu kila mmoja ana msimamo wake na yuko tayari kuutetea.

Kuna swali moja linalohitaji uangalifu wa pekee, nalo ni la uhalisi. Magari kadhaa yamepambwa kwa namba za mashindano, taa za mbele za ziada na maandishi ubavuni ili yafanane na yale ya Safari, ingawa hayakushiriki kamwe. Hakuna ubaya katika hilo iwapo mwenyewe anasema kweli, na wengi husema. Usiulize “Hili ni la kweli?” kana kwamba unamshuku. Sema, “Mzee, hili ndilo lililokimbia, au ulilijenga kwa kuyaenzi yale?” Kwa kuuliza hivyo unampa njia mbili zenye heshima sawa. Akitaka kukuonyesha kadi ya zamani ya usajili na kulinganisha namba ya chesisi na ya injini, pokea fursa hiyo kwa shukrani na uisome polepole: orodha ya wamiliki kwenye karatasi iliyogeuka manjano ni historia ya nchi kwa kiasi chake.

Upande wa pikipiki, omba kuona namna inavyowashwa, wala usiombe kuiwasha wewe. Chukua mfano wa BSA M20, pikipiki ya silinda moja ya sentimita za ujazo 500 iliyotumiwa sana na jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Pili. Mwenyewe atafungua koki ya mafuta, kisha atabonyeza kipini kidogo juu ya kabureta hadi petroli iloweshe ncha ya kidole. Atachelewesha cheche kwa wenzo ulio kwenye usukani, kwa sababu cheche ikiwahi, kiki (kanyagio la kuwashia) hurudi kwa nguvu na inaweza kuumiza mguu. Atasukuma kiki taratibu mpaka ahisi mgandamizo, atainua vali kwa wenzo mwingine ili pistoni ipite kilele, ndipo akanyage kwa mkanyago mmoja mrefu. Tazama miguu yake pia: gia iko kulia na breki iko kushoto, kinyume na pikipiki za leo, na hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kutoomba kuiendesha.

Usiondoke bila kuomba kumsalimia fundi. Karibu kila mkusanyiko una mtu mmoja aliyezeeka nao, anayepima nafasi ya platini (kikata umeme kinachotoa cheche) kwa jicho na kusikiliza vali kwa bisibisi aliyoiegemeza sikioni, na mara nyingi yeye ndiye anayekumbuka kipuri kipi kilichongwa kwa mkono baada ya kukosekana kote. Mpe heshima ileile unayompa mwenye mali, muulize jina la fundi aliyemfundisha, na uandike anayoyasema akikuruhusu. Maarifa haya hayamo katika vitabu vingi, na mafundi hawa wanapungua.

Kuhusu picha, omba ruhusa kwanza, kisha uliza kipi kisionekane. Zima kwenye simu mpangilio unaohifadhi mahali picha ilipopigwa. Funika namba za usajili na za chesisi kabla ya kumtumia mtu yeyote, na usipige picha ya geti, ukuta wala jina la barabara. Bei usiulize, na kama umekuja kwa nia ya kununua ulipaswa kusema hivyo tangu ujumbe wa kwanza.

Ukisharudi, tuma shukrani ndani ya siku chache pamoja na picha zote ulizopiga, na kama uliandika historia ya chombo, mpe nakala ili asahihishe miaka na majina. Rafiki yako akiomba naye kupelekwa, usimpe namba wala kumwelekeza nyumba. Mwandikie mwenyeji, umweleze huyo rafiki ni nani na anapenda nini, kisha usubiri jibu lake.