SOMO: Kipimo cha damu cha dakika 20 kwa aliyeumwa na nyoka (soma yote ndo uulize)

Habarini wakuu. Mwezi huu pekee nimejibu swali moja inboksi hadi nimechoka: "damu imekaa dakika 20 haijaganda, ni sumu au nimekosea mimi?" Naandika hapa mara moja, atakayeniuliza tena namwelekeza huku. Mimi ni mtu wa maabara, kwa hiyo naongelea tyubu na damu, mambo ya dozi waulizeni madaktari waliopo humu.

Kwanza ujue unapima nini. Wengi wanadhani sumu ya kifutu na jamaa zake inayeyusha damu. Kwa nyoka wengi wa jamii hiyo wanaoharibu damu ni kinyume, sumu inawasha ule mfumo wa kugandisha kwa fujo, vidonge vidogo vidogo vinatengenezwa na kuvunjwa humo humo mwilini mpaka fibrinojeni inaisha, na fibrinojeni ndo zile nyuzi zinazoshika donge. Damu inayobaki haina cha kushikia. Ndicho unachokiona kwenye tyubu.

Hatua ya 1: tyubu. Hapa ndo watu wanaharibu na mimi niliharibu hapa hapa. Iwe ya GLASI, kavu, na mpya kabisa au angalau haijawahi kupita kwenye sabuni. Miaka ya nyuma nikiwa zamu ya usiku aliletwa kijana kaumwa kidole cha mguu, uvimbe karibu hakuna. Tyubu mpya zilikuwa zimeisha, nikachukua moja ya zile tulizofua na sabuni, ilikuwa inang'aa kabisa. Dakika 20 nikaiinamisha, damu ikatiririka yote kama sharubati. Nikaandika "haijaganda", daktari akaamini jibu langu akaanza antivenomu, ile dawa inayokamata sumu ya nyoka. Hata robo saa haikuisha kijana akatoka vipele mwili mzima, midomo ikavimba, kifua kikabana. Ni mzio wa hiyo dawa. Bahati adrenalini, sindano ya mzio mkali, ilikuwa imeshavutwa kwenye bomba la sindano ipo mezani, alipona. Asubuhi nikajitoa damu yangu mwenyewe, nusu kwenye tyubu iliyofuliwa, nusu kwenye mpya tuliyoazima jirani. Ya mpya iliganda, ile iliyofuliwa haikuganda, na mimi sijawahi kuumwa na nyoka! Yule kijana nyoka alimng'ata tu bila kumwaga sumu, na vichupa vya dawa vilivyoingia kwake vingemfaa mtu mwingine. Sijaisahau ile asubuhi.

Kwa hiyo: sabuni HAPANA. Plastiki HAPANA. Na kila ukipima mgonjwa weka pembeni tyubu ya pili kutoka boksi lile lile yenye damu ya mtu mzima wa afya, yako au ya ndugu yake. Hiyo ya pili isipoganda, jibu la mgonjwa ni batili, usiliandike popote.

Hatua ya 2: vuta mililita 2 za damu kwenye mshipa wa mkono. Sio paja wala shingo, kama damu haigandi utashindwa kuizuia. Ukitoa sindano bonyeza hapo muda mrefu.

Hatua ya 3: mimina kwenye tyubu, andika saa.

Hatua ya 4: isimamishe wima, usiiguse. Hakuna kutikisa wala kuchungulia kila dakika.

Hatua ya 5: zikifika 20 inamisha MARA MOJA. Ikimwagika ni tatizo, ikibaki donge limeganda.

Hatua ya 6: rudia. Kuganda saa hii hakumaanishi itaganda baada ya saa moja, sumu inaendelea kuingia. Mwanzoni rudia kila saa, baadaye unaachanisha muda, na mgonjwa akae chini ya uangalizi saa 24. Ila akishapewa antivenomu subiri saa 6 ndo upime tena, kwa sababu dawa inakamata sumu tu, hairudishi fibrinojeni. Ini ndo linatengeneza upya na linahitaji muda.

MASWALI

Kipara wa Zamu: Mkuu kwa kifupi, ikiganda namruhusu aende nyumbani?
– Hapana. Hatua ya 6.

Mzee wa Fasta: Mi natumia bomba la sindano la plastiki miaka yote, damu inakaa humo humo, sijaona shida.
– Hujaona kwa sababu huweki tyubu ya mtu mzima pembeni. Weka leo halafu uje utuambie.
Mzee wa Fasta: Sio kila mtu ana vifaa kama vyenu.
– Nimesema tyubu mbili za glasi, sijasema mashine. Kama hata hizo hakuna, basi usipime, angalia fizi, mkojo na pale ulipochoma sindano kama panavuja damu. Hiyo ni ya uhakika kuliko jibu la plastiki.

Binti Mdadisi (mwanafunzi): Samahani dada, kwa nini glasi? Mwilini si hakuna glasi?
– Swali zuri sana mdogo wangu. Uso wa glasi unawasha protini moja kwenye damu inaitwa faktari ya 12, hiyo inawasha nyingine, na nyingine, mpaka fibrinojeni inakuwa nyuzi. Plastiki inawasha kwa udhaifu, na sabuni inaharibu ule uso wa glasi. Sumu nyingi za jamii ya kifutu zenyewe hazipitii mlango huo, zinaruka zinaingia katikati. Ya nyoka wa Asia anayeitwa Russell inawasha faktari ya 10 moja kwa moja. Mwaka 1934 London, watafiti Macfarlane na Barnett waliitumia hiyo hiyo ikiwa imezimuliwa kuzuia damu kwa wagonjwa wa himofilia, wale waliozaliwa na damu isiyoganda vizuri! Na mpaka leo ipo kwenye kipimo cha maabara cha wenye shida ya damu kuganda ovyo.
Binti Mdadisi: Kumbe sumu inageuka dawa?
– Ndiyo. Captopril ya presha chanzo chake ni utafiti wa sumu ya jararaca, nyoka wa Brazili. Sasa hivi wanatafiti pia vidonge kama varespladib vya kuzuia kimeng'enya kimoja cha sumu, ambavyo mtu angemeza akiwa bado njiani. Antivenomu bado ndo tiba yenyewe.

Baba Nuru: Kwetu tunachanja na kuweka jiwe jeusi, watu wanapona.
– Wanapona wale ambao nyoka hakumwaga sumu, kama yule kijana wangu. Jiwe halivuti sumu, limepimwa. Na ukimchanja mtu ambaye damu yake haigandi umemfungulia bomba. Hapo sibishani.

Nesi wa Usiku: Naongezea kutoka wodini. Usimdunge sindano ya nyama (ya kwenye msuli) mgonjwa ambaye damu haigandi, anavimba damu ndani, isipokuwa adrenalini akipata mzio. Maumivu mpe paracetamol, aspirini na diclofenac weka mbali. Na mtoto anapewa dozi ya antivenomu sawa na mtu mzima, nyoka hakumpunguzia sumu.
– Asante sista. Nyongeza: mguu unaweza kuvimba mpaka pajani na kipimo kikaganda vizuri tu, na koboko anapoozesha pumzi bila kugusa damu. Usisubiri tyubu ikupe ruhusa.

Nesi wa Usiku: Na pete, bangili, viatu vitolewe mapema. Sisi tunachora mstari wa kalamu pale uvimbe ulipoishia na kuandika saa pembeni yake.

Dereva Bodaboda: Nyoka tumuue tuje naye?
– Hapana kaka, picha ya mbali inatosha. Kichwa kilichokatwa kinaweza kung'ata bado.

Binti Mdadisi: Dada nimejaribu kwa damu yangu. Tyubu mpya imeganda, nimeinamisha donge halijasogea hata kidogo. Ya sabuni imemwagika yote mezani.
– Safi sana. Sasa boksi la tyubu mpya liandike "NYOKA TU", lifungie kabatini na funguo abaki nazo mtu wa zamu.