Kutunza gazoni ya plastiki hapa Goma: vumbi kwanza, maji baadaye

Gazoni ya plastiki (nyasi bandia) haikatwi wala haimwagiliwi, ndiyo maana wengi huitandika uani na kuisahau. Hapa Goma adui yake mkubwa ni vumbi jeusi la mawe ya lava. Punje zake ni kali, hukwaruza nyuzi kila mtu anapokanyaga, na zikishuka hadi chini huziba vitundu vya kupitishia maji. Mawe ya lava yenyewe hunywa maji upesi, kwa hiyo ukiona mvua imetuama juu ya gazoni, kagua vitundu kabla ya kulaumu kiwanja.

Tafuta ufagio mgumu wa nyuzi za plastiki (brosi ya waya inang'oa nyuzi), bidoni mbili za lita 20, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, siki nyeupe na mchanga.

1. Fagia pakiwa pakavu. Ngoja umande uishe. Pitisha kiganja juu ya gazoni: upande mmoja unateleza, mwingine unakataa. Fagia kuelekea ule unaokataa, ndipo nyuzi zitasimama na vumbi kutoka. Lizoe na kulitupa nje ya parsele, maana ukilisukumia ukutani mvua italirudisha. Kiangazi, Juni hadi Agosti, fagia kila wiki. Njia ya kutoka geti hadi mlangoni irudie mara mbili, ndiko nyuzi hulala kwanza.

Volkano ikitupa majivu, usimwage maji hata kidogo kabla ya kufagia. Majivu yakilowa huwa tope zito, yakikauka hushikana na mchanga uliowekwa kati ya nyuzi na kuwa gamba. Vaa barakoa, fagia polepole, zoa. Maji ni baada ya hapo.

2. Osha. Kijiko kimoja cha chakula cha sabuni kwa lita 10 za maji. Bidoni moja ya maji ya sabuni na moja ya kusuuza zinatosha takriban mita 10 za mraba. Sabuni ya unga iache: mabaki yake yananata na kuvuta vumbi jipya. Maji ya Ziwa Kivu yana madini yanayoacha weupe yakikauka, basi kama una maji ya mvua, suuzia hayo.

3. Kagua mchanga. Panua nyuzi kwa vidole. Ukiona kitambaa cha chini kitupu, mchanga umepungua. Gazoni ya uani kwa kawaida hubeba kilo 5 hadi 8 kwa mita ya mraba. Pale palipopungua ongeza kilo 1 au 2. Uwe mchanga uliooshwa, mkavu kabisa, wenye punje za mviringo. Ule mweusi wa lava, hata ukiwa bei rahisi, una ncha na unatunza joto. Nyunyiza kidogo, fagia ushuke, nyunyiza tena.

4. Viungio, yaani pale vipande viwili vya gazoni vinapokutana. Pakianza kufunuka, gundisha mapema. Kunja kingo, ondoa mchanga na gundi ya zamani, kausha, paka gundi ya poliurethani juu ya utepe wa kiungio, kisha weka mifuko ya mchanga juu yake kwa saa 24. Kazi hii ni ya siku kavu.

Maswali

*Kutoka Himbi:* Fundi, mbwa wetu anakojoa pale pale kila siku. Tumeosha kwa sabuni, harufu bado. Tumwage javeli (dawa ya klorini)?

Hapana, mama. Mwaga maji mengi kwanza, kisha siki na maji nusu kwa nusu, acha dakika 15, suuza. Harufu ikirudi, mkojo umeingia kwenye mchanga: chota mchanga wa pale na uweke mpya. Javeli ikikutana na siki, au hata na mkojo, hutoa hewa yenye sumu.

*Kutoka Keshero:* Papa fundi, kaa la babula (jiko la makaa) limeanguka, limeacha tundu la kiganja. Nyuzi zitasimama tena?

Hazitasimama, ndugu. Plastiki hii huyeyuka kwenye joto linalozidi nyuzijoto 100. Kata mraba kuzunguka tundu, kata kiraka kwenye mabaki yako, kiweke ulalo wa nyuzi zake uelekee sawa na wa gazoni nyingine (wengi hukosea hapa, kiraka kinaonekana cha rangi nyingine), kisha gundisha kama hatua ya 4. Babula ikae nje ya gazoni. Kuiwekea tofali chini hakuzuii cheche.

*Kutoka Majengo:* Nikikodi mashine ya maji ya kasi, si ni haraka zaidi?

Ni haraka, ila itarusha mchanga wote nje na kufumua viungio. Ukilazimika, tumia mdomo wa kutawanya, kaa sentimita 30 au zaidi, elekeza maji kwa mshazari, usiguse kiungio. Halafu rudia hatua ya 3.