Ukienda baraza la ardhi, anza na lile usilotaka lijulikane

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Newala, na migogoro mingi inayonifikia ni ya mashamba ya mikorosho. Msimu ukikaribia ndipo inapopamba moto. Kabla sijamsaidia mtu kuandika malalamiko, namuuliza: mwenzako akisimama mbele ya baraza, atasema nini juu yako ambacho ni kweli? Jibu la swali hilo ndilo la kuandika kwanza.

Kaka mmoja aliniletea karatasi ya mauziano aliyoachiwa na baba yake, ukurasa wa daftari uliokunjwa mara nne. Mbele kulikuwa na majina, mipaka, mashahidi na alama za dole gumba. Nikaigeuza. Nyuma, kwa wino mwingine: "Pesa ikirudi, mikorosho inarudi kwa mwenyewe." Akaniambia, "Dada, hiyo ya nyuma tuiache, tutoe kopi ya mbele tu." Nilikataa. Familia ya pili nayo ina karatasi yake, na siku wakiitoa, baraza litatilia shaka hata yale ya kweli uliyosema. Andika wazi kwamba ilianza kama rehani. Kama baadaye fedha iliongezwa na rehani ikageuka mauziano, taja mwaka na waliokuwepo. Kama haikugeuka, unachodai ni fedha yako, si shamba.

Kisha eleza ardhi ilivyokufikia, hatua kwa hatua. Huku kwetu wapwa wamezoea kurithi kwa mjomba, na siku hizi watoto nao wanadai cha baba, kwa hiyo usiseme tu "ni la kwetu". Sema lilikuwa la nani na nani wengine wana madai. Mwenye shamba akiwa amefariki, anayeshtaki kwa niaba ya mirathi ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Ukiomba usimamizi Mahakama ya Mwanzo, orodhesha warithi wote, pamoja na mtoto wa nje na mke aliyeko Nachingwea. Ukimficha mmoja, uteuzi wako unaweza kutenguliwa na kila ulichojenga juu yake kikaanguka.

Kama eneo ni mahame, yaani familia ilihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ilipowakusanya watu vijijini, usiruke kipindi hicho. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kinatambua ugawaji uliofanyika kijijini kati ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977. Ukidai shamba la babu huku ukinyamazia kwamba mwingine aligawiwa, umeacha kiini chenyewe cha kesi.

Miaka nayo usiipunguze. Kudai ardhi kuna ukomo wa miaka 12, na najua wanaosogeza mbele tarehe waliyonyang'anywa ili waingie ndani yake. Baraza linaweza kwenda shambani, na mikorosho mikubwa ya mpinzani wako italiambia amekaa hapo muda gani.

Kama shauri liliwahi kuamuliwa, sema na uambatanishe nakala ya uamuzi. Jambo lililokwisha kuamuliwa baina ya watu walewale halifunguliwi upya. Njia yake ni rufaa. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, baraza la kata linasuluhisha tu. Likishindwa, chukua hati yake inayothibitisha kwamba limeshindwa uende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaweza kwenda hata bila hati.

Mashahidi usiwafundishe maneno. Wataapa, na kusema uongo chini ya kiapo ni kosa la jinai. Jirani wa mpakani mwite hata kama hamsalimiani, kwa sababu baraza likija shambani huenda likamuuliza yeye kwanza.