Daktari anataka hela ya kujaza fomu ya bima? Soma hii kabla hujatoa hata mia

Shemeji yangu aligongwa na gari akiwa kwenye boda, karibu na njia panda ya Mnazi Mmoja pale ukitaka kuingia Lindi, mguu ukavunjika akafungwa hogo wiki kibao. Bima ya ile gari ndo ilitakiwa imlipe, kampuni wakatupa fomu ya kurasa nne na ukurasa wa tatu wote ni wa daktari. Kazi ya kuzunguka nayo nikapewa mimi maana wenzangu wote walikuwa shamba, msimu wa korosho ushafunguliwa. Hospitali siitaji. Nimefika, kijana wa mapokezi kaishika ile fomu kwa vidole viwili kaisoma juu juu akasema, "Dada hii kazi ya nje, sio ya hospitali, dokta atataka thelathini."

Nikamwambia sawa kaka, naomba kontro namba (ile namba ya malipo ya serikali) nikalipie.

Kimya. Kaangalia fomu, kaniangalia mimi, "Ngoja kwanza nikamuulize dokta." Karudi baada ya kama dakika kumi, fomu ikapokelewa, na habari ya thelathini sijaisikia tena mpaka leo.

Sasa msinielewe vibaya, sio kila hela ya fomu ni rushwa. Hata Uingereza ambako watu wanatibiwa bure, daktari wa familia anaruhusiwa kumtoza mgonjwa kwa kumjazia fomu ya bima, kwa sababu haihesabiwi ni matibabu. Na tuseme ukweli, daktari ana foleni mpaka mlangoni afu wewe unamletea karatasi inayotaka tarehe ya kulazwa, eksirei ilionyesha nini, mgonjwa atakaa siku ngapi bila kazi na asilimia ya ulemavu, lazima afungue faili asome upya. Kwa hiyo hospitali inaweza kabisa kuwa na bei ya ripoti ya daktari. Swali lako wewe ni moja tu, hiyo hela inaingia wapi? Hospitali ya serikali, iwe Ligula hapa Mtwara, iwe Sokoine kule Lindi, malipo yanatoka na kontro namba, unalipia benki au kwenye simu na unabaki na risiti. Za misheni kama Ndanda au Nyangao zina utaratibu wake, we nenda dirisha la keshia uliza bei ya kujaza fomu ya bima, lipa pale pale, chukua risiti. Ukiambiwa "tuma kwa namba hii" na jina linalotokea kwenye simu ni la mtu, acha hapo hapo usibonyeze kitu. Risiti usiitupe pia, kampuni nyingine za bima ukiomba wanaiweka kwenye gharama za matibabu wanakurudishia, waulize mapema.

Kuna fomu ambazo hazina mjadala kabisa. PF3, ile fomu ya polisi ya aliyeumia, ni bure, polisi wanakupa bure. Ile ya NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) nayo ni ya hospitali kudai hela yao kwenye Mfuko, wewe kazi yako ni kusaini huduma ulizopata, sasa mtu akikutoza ili akujazie karatasi ya yeye kulipwa huyo anakuchezea akili (na usisaini ikiwa tupu, kuna watu wamekuja kukuta wameandikiwa vipimo ambavyo hawajawahi kupima). Kama umeumia kazini anzia kwa mwajiri, taarifa ya WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi) inaanzia kwake, usikimbilie kwa daktari na karatasi uliyoprintiwa stesheneri.

Haya, kabla hujaenda. Kwanza hakikisha bima yenyewe inakuhusu, maana boda ikianguka peke yake na ina bima ndogo tu, dereva hapati kitu, bima ndogo inawalipa wengine aliowaumiza, utahangaika na fomu bure. Ukishajua inakuhusu, jaza sehemu yako yote nyumbani, weka alama kwa penseli pale daktari anapotakiwa kuandika, ambatanisha fotokopi ya PF3 na karatasi ya kuruhusiwa na majibu ya eksirei, namba ya faili iandike juu kabisa kwa herufi kubwa. Daktari akiona kazi imebaki ya dakika tano hana sababu ya kukuzungusha. Ikiwezekana fomu ijazwe mgonjwa akiwa bado wodini, au siku ya kliniki yake ya mifupa ambapo faili tayari liko mezani. Mimi nilienda siku ambayo sio ya kliniki ndo maana nikaangukia mikononi mwa yule kijana.

Ukirudishiwa usiondoke, kaa pale kwenye benchi usome. Mimi niliondoka nayo nikiwa na furaha zangu, kufika kwa wakala wa bima naambiwa haina mhuri wa hospitali, nikarudi, siku ya pili naambiwa daktari hajaandika namba yake ya usajili wa Baraza la Madaktari, nikarudi tena, nauli ya kwenda na kurudi mara mbili jumlisha na hasira. Kwa hiyo angalia jina kamili, saini, namba ya usajili, tarehe, mhuri, na ile sehemu ya siku za kutofanya kazi isiachwe wazi.

Kuna na mtego mwingine huu, mtu anakwambia toa kidogo nikuandikie miezi sita badala ya miwili. Usikubali, ndugu yangu. Kampuni wanatuma mtu hospitali anasoma faili, wakikuta haviendani hata ile miwili ya kweli unaikosa.

Na kama wamekaza, kontro namba hawatoi na fomu hawajazi, nenda kwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali, kwa heshima tu, "shikamoo daktari, naomba kuelekezwa utaratibu wa malipo ya fomu hii," usianze na kulaumu. Mara nyingi inaishia hapo. Isipoishia piga TAKUKURU 113, ni bure, ila piga kabla hujatoa hela, maana sheria ya rushwa ya 2007 inamkamata anayepokea na anayetoa. Kampuni ya bima nayo ikikuzungusha wakati karatasi zote zimekamilika, hiyo peleka TIRA (mamlaka inayosimamia bima) au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, hospitali hawahusiki tena.

Siku ya kupeleka fomu toa fotokopi ya kila kitu, wakugongee mhuri wa kupokea na tarehe kwenye kopi yako. Ya shemeji ipo kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro, na ndo hiyo tuliyoenda nayo waliposema hawaioni fomu yetu.