Jinsi ya Kuweka Vitu Vitamu Nyumbani Bila Kuvimaliza Kabla ya Wageni

Nyumba nyingi za mwambao hazikosi kitu kitamu kabatini, kwa kuwa mgeni anaweza kubisha hodi wakati wowote, na kumwandalia kahawa tupu ni aibu. Kwa hiyo ushauri wa kutoingiza kabisa vitu vitamu nyumbani, ingawa unamfaa anayeishi peke yake, hauwasaidii walio wengi. Kinachowezekana ni kufanya uamuzi mapema, dukani na siku ya kuhifadhi, badala ya kungoja hadi saa nne za usiku umesimama mbele ya kabati, umechoka, na kila hoja inayokujia inaliunga mkono kopo.

Anza kwa kutenganisha vinavyostahili kuwekwa na visivyostahili. Kaimati huliwa siku ile ile, maana zikilala hulainika kwa shira, hivyo zipikwe kwa idadi ya walaji. Kashata za nazi hazidumu kama za karanga, na zinapokaribia kuharibika humpa mtu kisingizio cha kuzimaliza ili zisitupwe. Visheti na vileja vilivyokauka vizuri hukaa salama ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana.

Mtihani mkubwa ni halua. Wingi wa sukari na samli huiwezesha kukaa nje ya jokofu kwa muda mrefu, na tena haina vipande vya kuhesabika. Mtu huchota kijiko cha kwanza, akarudi kusawazisha ukingo, kisha akausawazisha tena ule ukingo aliousawazisha, na hakuna hata mara moja anayohisi kwamba amekula. Siku ile ile inapoingia nyumbani, ikate vipande, kila kimoja cha kutosha kuliwa na kikombe kimoja kidogo cha kahawa, ufunge kila kipande peke yake, kisha uvipange vya wageni katika kopo lao na vya wenyeji katika lingine. Kufungua kipande kipya ni kitendo ambacho hata mwenyewe hutaweza kukikana.

Kopo lenyewe lisiwe la kioo, wala lisikae mezani au karibu na birika la chai, mahali ambapo macho yanalipitia mara kwa mara. Liweke juu ya kabati, nyuma ya vyombo vya karamu, ili anayelitaka alazimike kuvuta kiti. Kulificha kwa kufuli si lazima, na penye watoto kufuli huongeza tamaa tu. Watoto wapewe sehemu yao kwa saa inayojulikana, bila kufanywa tuzo ya kumaliza ugali au kunyamaza.

Kuhusu kiasi, mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi za matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwamba kushuka chini ya asilimia 5 kunaweza kuleta faida zaidi. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000, viwango hivyo ni takriban gramu 50 na gramu 25, yaani vijiko 12 au 6 vya chai. Anayekunywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja kikiwa na vijiko viwili, amekwisha kufika vijiko 6 kabla hajagusa kashata. Kwa maoni yangu hapa ndipo pa kupunguzia kwanza, kwa sababu sukari ya chai hunywewa bila kufikiriwa, ilhali halua hufurahiwa.

Saa ya kula nayo ina uzito wake. Bakteria wa mdomoni hugeuza sukari kuwa asidi inayodhoofisha meno, na kila mara unapoonja kitu kitamu kazi hiyo huanza upya, hivyo peremende moja moja kutwa nzima hudhuru kuliko vipande viwili vinavyoliwa kwa mkupuo. Chagua wakati mmoja, ikiwezekana baada ya chakula, kwa sababu mwenye njaa hana kipimo. Desturi ya kahawa chungu inasaidia hapa: kipande kimoja huliwa taratibu kwa kikombe kimoja, na uchungu wenyewe hupunguza hamu ya kipande cha pili.

Baada ya Idi, sahani zikiwa zimerundikana, kumbuka kwamba sahani ya jirani hairudishwi tupu, basi ziada yote itoke kwa njia hiyo ndani ya siku mbili.

Ikiwa nyumbani yupo mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, sukari yake ya dharura, ya kutumia sukari ya damu inaposhuka mno, kwa kawaida gramu 15 za glukosi kwa mara moja, iwekwe mahali pa wazi na isihesabiwe pamoja na vitu vitamu vingine.

Siku utakapovuka kipimo, usijinyime chakula kesho yake, kwa kuwa njaa hiyo ndiyo itakayokurudisha kabatini jioni; kula milo yako kama kawaida. Lakini mtu anayejikuta mara kwa mara akila kwa siri, kwa wingi, na bila uwezo wa kusita, hatasaidiwa na kopo wala kabati, na anafaa kuzungumza na mhudumu wa afya.